Je, Wajua? Macho ya Watoto Njiti, Kuanzia Nakivale Hadi Mbarara

Mtoto akizaliwa miezi miwili au mitatu kabla ya wakati wake, nyumba nzima huwa na swali moja tu: atapona? Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, jibu lilikuwa linajulikana, na maswali mengine hayakupata nafasi. Leo njiti wengi wanavuka. Kwa kuwa wanavuka, limezuka swali la pili, nalo lina tarehe yake ambayo ikipita hairudi: je, mtoto huyu ataona?

Yafuatayo ni mambo ya kujua kuhusu ugonjwa wa retina wa watoto njiti, wanasayansi walioufuatilia kwa zaidi ya miaka 80, na jinsi unavyozihusu familia za makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda.

JE, WAJUA kwamba jicho hukamilika karibu na siku ya kuzaliwa?

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho. Ndiyo inayopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Utando huo unahitaji damu, na mishipa ya damu huanza kuota ndani yake mimba ikiwa na wiki 16 hivi. Huanzia pale neva ya jicho inapoingilia, kisha hutambaa kuelekea kingoni kama marando ya viazi vitamu yanavyotambaa kutoka kwenye tuta. Upande wa pua hufika ukingoni wiki ya 36 hivi. Upande wa sikio una safari ndefu zaidi, na mara nyingi hufika wiki ya 40.

Basi mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 huja duniani huku sehemu kubwa ya retina yake ikiwa bado haina mishipa. Huyo si mgonjwa. Ana kazi ambayo haijaisha, na sasa kazi hiyo itaendelea nje ya tumbo, mahali ambapo hewa, joto na chakula ni vingine kabisa.

JE, WAJUA kwamba ugonjwa huu huja kwa hatua mbili zinazopingana?

Tumboni mtoto huishi na oksijeni kidogo, na uhaba huo ndio unaoiamsha mishipa ikue. Retina yenye njaa ya oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na protini hiyo huiita mishipa mipya. Mtoto akizaliwa mapema na kupewa oksijeni nyingi, njaa hiyo hukatika ghafla. VEGF hupungua, mishipa husimama, na ile iliyokwisha kuota huanza kufa. Hiyo ni hatua ya kwanza, na kwa nje hakuna kinachoonekana.

Wiki kadhaa baadaye retina imekua na inataka damu, lakini mishipa haipo. Sasa VEGF hutolewa kwa wingi kupita kiasi. Mishipa huota kwa fujo: huvuja, hutoka damu, hujiinua kuelekea katikati ya jicho, na kovu linalobaki huweza kuivuta retina na kuibandua. Retina ikibanduka yote, mwanga hauna pa kupokelewa.

Wataalamu hugawa ugonjwa huu katika ngazi tano. Watoto wengi huishia ngazi ya kwanza au ya pili, kisha mishipa hujirekebisha yenyewe bila dawa. Kazi ya daktari ni kuwatambua wale wachache ambao hawatajirekebisha, kabla hawajafika ngazi ya nne.

JE, WAJUA kwamba kabla ya miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa ameutambua ugonjwa huu?

Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alichapisha habari za watoto njiti waliokuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho. Mwanzoni alidhani amekutana na jambo la nadra. Katika miaka michache iliyofuata watoto wa namna hiyo walionekana kwa mamia, na wengi walitoka katika hospitali zenye vifaa bora kuliko nyingine. Inakadiriwa kwamba hadi kufikia mwaka 1953 watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka.

Mmoja wa waliozaliwa katika kipindi hicho ni mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa jimbo la Michigan, Marekani, mwezi Mei 1950, wiki sita kabla ya wakati wake.

JE, WAJUA kwamba wauguzi walikuwa wakiifungua oksijeni usiku kwa siri?

Mwaka 1951 Kate Campbell, daktari wa watoto wa Melbourne, Australia, alilinganisha wodi zilizotoa oksijeni kwa ukarimu na zile zilizoibania. Aliona upofu ulikuwa mwingi kwenye ukarimu. Wakati huohuo mjini Washington daktari kijana, Arnall Patz, pamoja na mwenzake Leroy Hoeck, walikuwa wakifanya jaribio katika Hospitali ya Gallinger. Watoto wengine walipewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi, wengine walipewa pale tu walipoihitaji.

Patz alinyimwa fedha za serikali kwa hoja kwamba kumpunguzia njiti oksijeni ni kumhatarisha, akakopa kwa ndugu yake. Hata wauguzi hawakumwamini. Simulizi yake mwenyewe inaeleza kwamba usiku baadhi yao waliwaongezea oksijeni watoto waliopangiwa kiasi kidogo, kwa kuwahurumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1952, na jaribio kubwa zaidi la hospitali 18 za Marekani, lililoongozwa na Everett Kinsey, likayathibitisha. Mwaka 1956 Patz na Kinsey walipata tuzo ya Lasker.

JE, WAJUA kwamba dawa iliyoonekana kuponya ilikuwa ikidhuru?

Kabla ya habari za oksijeni kujulikana, William Silverman, daktari wa watoto wa New York, alijaribu homoni iitwayo ACTH. Kati ya watoto 31 aliowatibu, 25 walibaki na macho mazuri. Wengi wangetangaza ushindi hapohapo. Silverman alisikia kwamba katika hospitali nyingine ya mji huohuo, watoto sita kati ya saba walikuwa wazima bila kupewa homoni yoyote. Akaamua kufanya jaribio la haki, ambamo bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani apewe dawa na nani asipewe. Jibu lilikuja kinyume: waliopewa ACTH walipofuka theluthi moja, wasiopewa walipofuka mmoja kati ya watano, na vifo vilikuwa vingi upande wa dawa.

Ukweli uliofichika ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hupona wenyewe. Dawa yoyote, hata maji ya chumvi, ingeonekana imeponya. Silverman alitumia maisha yake yote yaliyobaki akiwahimiza madaktari wapime kabla ya kuamini.

JE, WAJUA kwamba kubana oksijeni nako kuliua?

Baada ya mwaka 1954 hospitali nyingi ziliweka kikomo cha oksijeni kwa njiti wote. Upofu ulishuka. Lakini mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza, Kenneth Cross, alipiga hesabu za vifo na kukadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho, watoto 16 hivi walikufa kwa kukosa hewa.

Mvutano huo haujaisha. Mwaka 2010 jaribio kubwa la Marekani liitwalo SUPPORT lilichapisha matokeo ya watoto 1,316 waliozaliwa kati ya wiki 24 na 27. Waliolengwa kuwa na oksijeni ya damu kati ya asilimia 85 na 89 walipata ugonjwa mkali wa retina kwa asilimia 8.6. Wenzao wa asilimia 91 hadi 95 walifikia asilimia 17.9. Lakini vifo vilikuwa asilimia 19.9 upande wa chini na 16.2 upande wa juu. Ndiyo maana siku hizi wodi nyingi hulenga kati ya 90 na 95, na kukubali kwamba macho yatahitaji kuangaliwa baadaye.

Hapa mzazi anayekaa kando ya kitanda ana jambo la kujua. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Mtungi, au mashine ya kuzalisha oksijeni iliyoko wodini, hutoa zaidi ya asilimia 90, na bila kichanganyio cha hewa mtoto huweza kuipata karibu yote. Njiti aliye kwenye oksijeni akionyesha 100 kwenye kipimo cha oksijeni ya damu kilichofungwa mguuni, namba hiyo inayomfurahisha kila mtu ni ishara kwa muuguzi apunguze.

JE, WAJUA kwamba ugonjwa huu hufuata mafanikio?

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 491 katika shule 17 za wasioona nchini Malawi, Kenya na Uganda. Miongoni mwa watafiti walikuwa Clare Gilbert na Allen Foster wa London, na Keith Waddell, daktari Mwingereza aliyetumikia Uganda kwa miongo mingi. Makovu ya kioo cha mbele cha jicho, ambayo mara nyingi huletwa na surua na ukosefu wa vitamini A, yalikuwa miongoni mwa visababishi vikuu. Ugonjwa wa retina ya njiti haukuwa tatizo la shule hizo.

Miaka miwili baadaye Gilbert alilinganisha shule za wasioona za nchi nyingi. Katika nchi nyingi za Afrika ugonjwa huu ulichangia asilimia sifuri ya upofu wa wanafunzi. Nchini Cuba, yenye mfumo wa afya uliosifiwa duniani, ulichangia asilimia 38.6. Sababu ni rahisi na ni chungu: pale njiti wanapokufa wiki ya kwanza, hakuna anayeishi muda wa kutosha ili apofuke.

Gilbert aliona kwamba hatari hukaa katikati. Nchi ambamo watoto zaidi ya 60 kati ya kila 1,000 hufa kabla ya mwaka mmoja huwa na upofu kidogo wa aina hii, kwa kuwa njiti hawaishi. Nchi ambamo hufa chini ya 9 huwa na upofu kidogo pia, kwa kuwa oksijeni hupimwa na macho hukaguliwa. Kati ya namba hizo mbili mtoto huokolewa, jicho likasahauliwa.

Sasa tazama Uganda. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 54 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2011, vikashuka hadi 43 mwaka 2016, na 36 mwaka 2022. Ni habari njema isiyo na shaka. Ni habari pia kwamba nchi imekwisha kuingia katika ukanda wa Gilbert.

JE, WAJUA kwamba hapa kwetu hata njiti wenye uzito mkubwa huugua?

Nchini Marekani hukaguliwa macho hasa wale waliozaliwa na wiki 30 au chini, au gramu 1,500 au chini. Lakini mwaka 2005 Gilbert na wenzake walionyesha kwamba kipimo cha tajiri hakimtoshi maskini. Katika nchi zilizoendelea sana, wastani wa uzito wa watoto waliopata ugonjwa mkali ulikuwa kati ya gramu 737 na 763. Katika nchi nyingine ulianzia gramu 903 hadi 1,527. Mtoto ambaye London asingetazamwa, kwingineko anaweza kupofuka, kwa sababu oksijeni yake haikupimwa vizuri, alipata maambukizi ya damu, au hakuongezeka uzito.

Majirani wa Uganda wameliona hilo. Utafiti wa hospitali moja ya Nairobi yenye huduma za juu, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta dalili za ugonjwa, nyingi zikiwa nyepesi, kwa watoto 43 kati ya 103. Nchini Rwanda uchunguzi uliofanywa hospitali za Kigali na kuchapishwa mwaka 2020 uliwakuta pia wagonjwa miongoni mwa njiti ambao si wadogo sana. Uganda yenyewe ilipata utafiti wake mwaka 2023, pale Iddi Ndyabawe na wenzake walipochapisha hali ya ugonjwa katika hospitali mbili za rufaa za taifa. Mada ambayo kizazi kimoja nyuma haikuwamo kabisa katika orodha sasa ina watafiti wake wenyewe.

JE, WAJUA kwamba panya wachanga ndio waliotufundisha mengi?

Panya huzaliwa mishipa ya retina yake ikiwa haijakamilika, sawa na njiti. Mwaka 1994 Lois Smith wa Boston na wenzake walieleza njia ambayo maabara nyingi duniani bado zinaifuata: panya wa siku saba huwekwa kwenye oksijeni asilimia 75 kwa siku tano, kisha hurudishwa kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya siku tano nyingine mishipa ya fujo huwa imeota. Hapo mtafiti anaweza kujaribu dawa na kuona kinachotokea.

Kutokana na kazi ya namna hiyo ilieleweka kwamba VEGF ikizuiwa, mishipa ya fujo hukauka. Dawa iitwayo bevacizumab ilibuniwa kuzuia VEGF katika saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2011 jaribio lililoongozwa na Helen Mintz-Hittner wa Texas lilionyesha kwamba sindano ndogo ya dawa hiyo ndani ya jicho inawasaidia baadhi ya njiti.

JE, WAJUA kwamba mizani ya kliniki ni kipimo cha jicho?

Ann Hellström wa Gothenburg, Uswidi, akishirikiana na Lois Smith, aligundua kitu ambacho hakihitaji mashine ghali. Mbali na VEGF, mishipa ya retina huhitaji homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1. Mtoto tumboni huwa na kiasi cha kutosha. Akizaliwa mapema kiasi hicho huporomoka, na hupanda tena mtoto anapoanza kula na kunenepa. Mwaka 2001 timu yao ilionyesha kwamba njiti ambao IGF-1 yao ilichelewa kupanda ndio waliougua.

Kwa kuwa homoni hiyo huenda sambamba na unene, watafiti wa Gothenburg walitengeneza programu iitwayo WINROP, ambayo hupokea uzito wa mtoto wa kila wiki na kutoa tahadhari pale ongezeko linaposuasua. Haichukui nafasi ya kumtazama mtoto machoni, lakini inatoa funzo kwa kituo chochote chenye mizani na daftari: njiti ambaye uzito wake umeganda kwa wiki mbili ana sababu mbili za kupelekwa rufaa, tumbo na macho.

Maziwa ya mama yanaingia hapa. Tafiti nyingi zimeyahusisha na ugonjwa mdogo zaidi wa retina, na pia yanapunguza maambukizi. Vivyo hivyo kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na Edgar Rey na Héctor Martínez kwa sababu inkubeta hazikutosha. Mtoto aliyetulia kifuani kwa mamaye, mwenye joto na pumzi nzuri, huenda akahitaji oksijeni ya mtungi kwa siku pungufu.

JE, WAJUA kwamba Mbarara ina jina kubwa katika macho ya watoto?

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha madaktari bingwa wa macho nchini Uganda. Pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa kina kituo chake cha macho. Upande mwingine wa mji, katika mlima wa Ruharo, hospitali ya misheni ya Kanisa la Uganda ina kituo cha macho kinachojulikana nchi nzima kwa kutibu saratani ya retina ya watoto, kazi ambayo Keith Waddell aliijenga kwa miaka mingi.

Saratani hiyo na ugonjwa wa njiti ni vitu viwili tofauti, lakini vina dalili moja inayofanana: mboni nyeupe, ile inayong'aa kwenye picha ya simu yenye mwako. Mtoto wa jicho, ule ukungu wa lenzi, nao huonekana hivyohivyo. Kwa saratani, mboni nyeupe inayowahiwa mapema humaanisha uhai. Kwa njiti, mboni nyeupe mara nyingi humaanisha retina imekwisha kubanduka. Hivyo mtoto mwenye saratani huanza kutafutwa pindi dalili inapoonekana, lakini njiti lazima atafutwe kabla ya dalili yoyote.

Wodi ya watoto wachanga ya mji huo ina historia yake pia. Data Santorino, daktari wa watoto wa Mbarara, alishirikiana na mhandisi Kevin Cedrone kubuni kifaa kinachofungwa kwenye puto la kumsaidia mtoto kupumua, kinachomwonyesha mkunga palepale kama hewa inaingia ipasavyo. Wazo lilianza mwaka 2012. Kila kifaa cha aina hiyo kikifanikiwa, orodha ya macho ya kukaguliwa nayo hurefuka.

JE, WAJUA kwamba adui mkubwa kwa familia ya Nakivale ni kalenda?

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko. Yako wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote barani Afrika. Yametanda kilomita za mraba 185 hivi, na wakazi wake ni zaidi ya 150,000: Wakongomani walio wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Kiswahili husikika sokoni, kanisani na kwenye foleni ya kliniki. Mkimbizi hutibiwa katika vituo vya afya vilevile anavyotibiwa Mganda jirani yake, na tatizo likizidi hupewa rufaa kwenda Mbarara.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua wiki ya 30. Mtoto analazwa Mbarara, anapewa oksijeni, anaanza kunyonya, na wiki tatu baadaye anaruhusiwa. Kila mtu anashukuru, na ana haki ya kushukuru. Lakini hatua ya pili ya ugonjwa, ile ya mishipa ya fujo, huanza kwa kawaida mtoto akifikia wiki 32 hadi 34 tangu mimba kuanza, yaani karibu na siku ya kuruhusiwa, kisha huendelea wakati yuko nyumbani Juru au Rubondo, ndani ya makazi hayo, akionekana mzima. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongo, na mtoto halii. Mama ana shamba, ana watoto wengine, na siku ya mgao wa msaada ina foleni yake. Nauli ya kurudi mjini kwa kitu kisichouma ni ngumu kuitoa.

Jambo la pili ni hesabu ya wiki. Mimba ambayo haikupimwa mapema kwa ultrasaundi, hasa ya mama aliyekuwa safarini akikimbia, hukisiwa tu. Kwa hiyo uzito wa kuzaliwa, ulioandikwa siku ileile, huwa ushahidi wa kutegemewa kuliko wiki zilizokisiwa.

JE, WAJUA kwamba ukaguzi huchukua dakika chache, na tiba husubiri siku tatu tu?

Mwongozo unaotumiwa sana Asia ya Kusini hutaka njiti atazamwe kabla ya siku 30 tangu kuzaliwa, na wale wa chini ya wiki 28 au gramu 1,200 watazamwe wiki ya pili au ya tatu. Mtoto hutiwa matone ya kupanua mboni. Daktari huvaa taa kichwani, hushika lenzi mkononi, na kifaa kidogo huzuia kope zisifumbe. Mtoto atalia. Tone la maziwa ya mama au la maji ya sukari mdomoni humpunguzia maumivu. Mara nyingi ukaguzi hurudiwa kila wiki moja au mbili mpaka mishipa ifike ukingoni.

Ugonjwa ukifika kiwango cha kutibiwa, tiba hufanywa ndani ya saa 72. Leza huunguza ile sehemu ya retina isiyo na mishipa ili iache kutoa VEGF. Ukingo hupotea, katikati huokolewa. Sindano ya kuzuia VEGF ni njia nyingine, ila mtoto aliyechomwa lazima afuatiliwe kwa miezi, maana ugonjwa huweza kurudi.

JE, WAJUA kwamba kamera inaweza kumfuata mtoto kijijini?

Mwaka 2008 daktari wa macho Anand Vinekar wa Bengaluru, India, alianzisha mpango wa KIDROP. Badala ya kungoja wazazi wa vijijini wafike mjini, mafundi waliofunzwa huzunguka na kamera maalumu kwenye wodi za wilaya za Karnataka, hupiga picha za retina, na bingwa huzisoma akiwa mbali. Nchi yenye madaktari wachache wa retina haihitaji kumpeleka daktari kila kituo; inahitaji kupeleka picha. Barabara ya Isingiro hadi Mbarara ni fupi kuliko nyingi za Karnataka.

JE, WAJUA kwamba sheria ya kazi nayo hugusa jicho?

Tanzania, iliyo ng'ambo ya mpaka wa Isingiro, ilianza kutumia mwaka 2025 marekebisho ya sheria za kazi yanayomruhusu mama wa njiti kuendelea na likizo mpaka wiki 40 za mimba zitimie, ndipo likizo ya kawaida ihesabiwe. Wanaharakati kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, waliipigania kwa miaka. Wiki hizo 40 ndizo zilezile ambazo mishipa ya retina huzihitaji kufika ukingoni.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOKA WODINI

Mzazi wa njiti, awe wa Nakivale au wa mjini Mbarara, asiondoke bila majibu haya yakiwa yameandikwa kwenye kadi ya mtoto:

1. Alizaliwa na uzito gani, na mimba ilikuwa na wiki ngapi?
2. Alipewa oksijeni kwa siku ngapi, na je, aliongezewa damu au kupata maambukizi?
3. Siku yake ya 30 ni tarehe ngapi, na kabla ya hapo nani atamtazama macho, na tarehe gani?
4. Kama tutakuwa tumerudi nyumbani, ni kituo kipi kitatuandikia rufaa, na tumpigie nani simu?

Ikiwa tarehe hiyo imeangukia siku ya mgao, mweleze mhudumu wa afya wa kijiji mapema ili mtu mwingine wa nyumba apange foleni. Mgao hurudi mwezi ujao. Nafasi ya kuokoa retina hudumu wiki chache tu.